Mwenye Maneno Atajwe Kwanza

Kabla sijarudisha ufunguo wa chumba cha mashine, mliniomba niwaandikie jinsi ya kuhamisha barua pepe kutoka serveri moja, ile kompyuta inayopokea na kugawa barua, kwenda nyingine. Niliandika ukurasa mmoja, nikausoma, nikauchana. Kila kilichokuwemo kilikuwa kweli, ila kingewafaa watu ambao hawajawahi kumwambia mtu "hapana" dirishani, pale watu wanapokuja kuulizia ujumbe wao. Basi naanza upya, na safari hii naanza na fonia.

Nilipoingia kazini hatukuwa na serveri. Tulikuwa na fonia, ile redio ya sauti inayotumia betri ya gari na antena ndefu kama kamba ya kuanikia nguo. Ofisi yetu ilikuwa ndogo: ilipeleka ujumbe wa vituo vya afya, wa parokia, na wa watu wa kawaida waliotaka kujua nani amefika na nani amelala wapi. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Tibere, mtu mfupi mwenye sauti ndogo nje ya redio na sauti kubwa ndani yake. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa kitu. Alinipa stuli na daftari, akaniambia niandike jambo moja tu kwa kila ujumbe utakaoingia: jina la anayesema.

"Na maneno yenyewe, muzee?" nilimuuliza.

"Maneno itakuya. Mwenye maneno njo anaweza potea," alinijibu. "Mesaji bila mwenyewe ni bruit tu. Na huku kwetu bruit inauaka batu."

Bruit ndiyo tetesi, na hakuwa anatania. Tetesi moja kwamba jeshi fulani limefika Sake, mji wa jirani, ilitosha kuufungasha mji mzima magodoro kichwani. Ndiyo maana kwenye fonia opereta hakusema kamwe kwa niaba yake mwenyewe. Alianza hivi: "Anayesema ni fulani," kisha ndipo maneno yafuate. Kujitaja wewe opereta badala ya mwenye maneno kulionekana ni wizi.

Halafu kutaja jina hakukutosha. Kwa Wanande mtoto wa kiume wa tatu huitwa Kasereka, na ukiita Kasereka katika soko la Kiwanja nusu ya wauzaji watageuka. Kwa hiyo tuliongeza: Kasereka wa kona, Kasereka mwenye baiskeli nyekundu, Kasereka ambaye mama yake anauza chumvi. Daftari langu la mwaka wa kwanza lilijaa watu wa namna hiyo. Lilikuwa na Mama wa mapacha wa kambi ya juu, na Pasta anayechechemea, na Infirmiere, yaani muuguzi, yule mfupi. Nilicheka sana mwanzoni. Mzee Tibere alingoja nimalize kucheka, kisha akaniambia niandike vizuri zaidi.

Volkeno ilipolipuka tulikuwa na muda wa kubeba vitu viwili kila mmoja. Mimi nilichukua redio na betri. Mzee Tibere alichukua madaftari ya majina, mikono yote miwili, akaiacha betri ya pili pale mezani. Nilikasirika njia nzima mpaka mpakani, na nilimwambia hivyo. Tuliporudi, ofisi ilikuwa chini ya lava iliyokuwa bado inafuka moshi, na mbele yake walisimama watu wanaotafuta watu. Betri nyingine ilipatikana baada ya siku mbili. Madaftari yasingepatikana popote, na kwa majuma mengi ndiyo yaliyotuambia nani ni nani. Sikumuomba radhi kwa maneno. Nilimbebea maji mwezi mzima, naye akanielewa.

Tulijenga juu ya lava kama kila mtu. Baadaye zikaja kompyuta, na kifaa cha kupitisha barua pepe kwenye zile zile redio za vituo, na kazi ya kuunganisha hayo yote ikaniangukia kwa sababu nilikuwa wa pekee asiyeogopa nyaya. Serveri ya kwanza niliijenga mwenyewe kwenye mashine iliyokosa kifuniko. Niliiwekea kipande cha ubao wa triplai. Nilizunguka vituoni kufundisha maopereta, na nilipofika kwenye nafasi ya mtumaji niliwaambia hivi: "Hapa njo mahali ya mwenye maneno."

Naomba msome sentensi hiyo mara mbili, kwa maana ndilo kosa langu. Nafasi ile mashine huitaka anwani: jina la kituo, kisha ile a yenye mkia tunayoiita arobazi, kisha jina la ofisi. Isiwe na nafasi tupu ndani yake, isiwe na mkato. Maopereta wangu waliandika pale "Mama wa mapacha, kambi ya juu". Serveri ilikataa, kama ilivyopaswa. Mimi badala ya kuwafundisha upya watu ishirini waliotawanyika milimani, niliilegeza serveri. Nilibadilisha mstari mmoja, ikawa inameza chochote. Nilimwita Mzee Tibere aje aone majina yakipita. Alikuwa ameshastaafu, macho yake mabovu. Alisogeza uso karibu na kioo, akasoma moja, akasema, "Sawa." Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo kubwa. Mstari ule niliobadilisha sikuuandika mahali popote ili wengine waujue.

Miaka ikapita, na waasi wakapita. Siwataji, kwa sababu walibadilisha majina yao mara nyingi kuliko sisi tulivyobadilisha serveri. Nasema tu kwamba mwaka ule barabara ya Rutshuru, ile ya kwenda Kiwanja, ilikatwa, na mtandao wa simu ukakatika pamoja nayo, na juma lile lile ndilo wakubwa wetu wa Kinshasa walilokuwa wamelipanga zamani kwa ajili ya serveri mpya. Barua ya kuahirisha haikujibiwa. Badala ya jibu akaja mhandisi aliyetumwa, Trésor, kijana mwenye akili nyingi na viatu visivyofaa mawe yetu.

Trésor alikuwa mtu wa utaratibu. Kabla ya kuhamisha aliniuliza kuhusu usafi wa anwani, "Papa Zaka, adrese ya batumaji yote iko propre?"

Nikamjibu, "Iko."

Sikuwa nimesahau ule mstari. Niliona haya. Mtu aliyesoma chuo kikuu anakuuliza kama nyumba yako ni safi, nawe unajua kuna chumba kimoja usichopenda kifunguliwe. Nilijiambia serveri mpya bila shaka itakuwa na uvumilivu zaidi kuliko ya zamani. Ilikuwa kinyume chake. Mashine mpya ni kali, na inafanya vizuri kuwa kali, maana dunia imejaa walaghai wanaotuma barua kwa majina ya uongo.

Tulihamisha siku ya Jumanne. Tulijaribu kwa anwani za ofisini, zote zikapita. Hakuna aliyelalamika siku hiyo wala ya pili yake, tukanunuliana soda. Mwenye watoto anajua: wakinyamaza chumba cha pili, usikae ukinywa soda, nenda kaangalie.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Barua ikija na anwani ya mtumaji iliyoharibika, serveri mpya inaikataa. Kwa kawaida ingemrudishia mtumaji na kumweleza sababu. Lakini itamrudishiaje, na anwani yake ndiyo hiyo iliyoharibika? Basi inaiweka kimya katika dosia moja, yaani folda, kwenye mashine ya kupokelea, na haimwambii mtu. Opereta kule kituoni anaona imeondoka. Sisi huku tunaona hakuna kilichofika, tukidhani ni vita imenyamazisha vituo. Kila upande una amani yake.

Katika siku hizo alianza kuja dirishani mwanamke wa mtaa wa Mapendo, Mama Furaha. Mume wake alikuwa analeta mjini kabichi na viazi kutoka Kiwanja kwa lori, naye alikuwa huko barabara ilipokatwa. Mtu mmoja aliyekimbia kwa miguu alileta habari kwamba lori liliungua na waliokuwemo wote wamezikwa kando ya njia. Mama Furaha alikataa kuamini mpaka asikie kutoka kituo chetu cha Kiwanja. Alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda kuuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, huko sokoni Kituku, beseni kichwani, akauliza swali lile lile.

"Papa Zaka, mesaji ya bwana yangu haiyafika?"

Nami nilitazama kioo cha mbele yangu, nikajibu, "Hapana, mama. Kutoka Kiwanja haiko kitu."

Siku kumi na moja. Nilimjibu kwa upole kila mara, na upole ule ndio unaoniuma hadi leo, kwa sababu ulimfanya aniamini. Ijumaa aliweka beseni chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla.

"Kesho sitakuya," alisema. "Bakwe bangu beko naweka kilio samedi. Beko nasema nimekawiya sana."

"Na kiisha kilio?"

"Batoto batatu bataenda kwa baba yabo mukubwa. Na nyumba itafungwa." Aliinua beseni. "Niliwaambia bangoye wewe, Papa. Beko naniuliza: utangoya mashini mpaka wapi?"

Jumamosi haikuwa zamu yangu. Nilikwenda hata hivyo, kwa sababu saa mbili asubuhi Jumamosi ya kwanza ya mwezi ndiyo saa pekee ambayo redio hazikubeba barua pepe, tukaongea na vituo kwa sauti, desturi ya enzi za Mzee Tibere ambayo nilikuwa nimeigombania isifutwe. Opereta wa Kiwanja alikuwa Mama Odile, mwanamke asiyepoteza neno. Nilimwambia nimefurahi kumsikia baada ya ukimya mrefu.

"Ukimya gani?" alisema. "Mi niko natuma kila siku. Ni nyinyi hamukujibu. Batu ba huku beko naniona mi ni mwongo."

Nilimwuliza jina la mtumaji mmoja, yeyote, wa jana. Alinisomea: Mama wa mapacha, kambi ya juu. Hapo nikajua, kabla hata sijaweka chini kipaza sauti. Ule mstari wangu.

Trésor alinikuta nimepiga magoti mbele ya mashine ya kupokelea. Nilimweleza yote, na nilianza na neno langu "iko", maana nilitaka alisikie kwangu. Hakunigombeza. Alikaa, akafungua dosia, na barua zikajipanga mbele yetu, za Kiwanja, za Masisi, za kila kituo.

"Papa, tunaweza bapatia bote adrese moja," alisema. "Kiwanja, arobazi, ofisi. Nafuta hii majina ya kuharibika, zinapita zote kwa dakika mbili."

Lilikuwa jibu sahihi la mashine. Nilimshika mkono kabla hajabonyeza. "Usifute hata moja. Hiyo kuharibika njo mutu mwenyewe."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, lakini aliuondoa mkono. Tulisoma moja moja, yeye kuanzia juu, mimi kuanzia chini. Sikuwa natafuta maneno. Nilikuwa natafuta mwenye maneno. Nilimpata katikati ya orodha, na ujumbe wake ulikuwa wa siku ya pili tu baada ya sisi kunywa soda. Kwenye nafasi ya mtumaji Mama Odile alikuwa ameandika: Kasereka asiyekula samaki, bwana ya Mama Furaha, Mapendo. Ndani kulikuwa na mistari michache. Lori limeungua, yeye aliruka, amevunjika mguu, yuko nyumbani kwa katekista, watoto wasiondoke nyumbani.

Trésor alitaka kuisafisha kwanza ili itoke vizuri kwenye karatasi. Nilimwambia aichape kama ilivyo, na makosa yake yote, na onyo la serveri hapo juu. Nilipanda moto, ile pikipiki ya abiria, mlangoni, nikamwambia dereva Mapendo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikubishana juu ya bei.

Hema la bluu lilikuwa limeshasimamishwa uani. Wanaume walikaa upande mmoja kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, na nyuma ya nyumba kulikuwa na masufuria makubwa motoni, maana wanaokuja kilioni lazima wale. Mama Furaha alikuwa ameketi katikati ya mikeka, kitambaa kimefungwa kichwani, hakuniona. Mwenye kuongoza alikuwa Papa Mumbere, kaka mkubwa wa Kasereka, mtu mzito anayeheshimika. Sikumchukia, na ninyi msimchukie. Alikuwa amefiwa kwa kadiri alivyojua.

Nilisimama mbele ya wote. Nilisema jina langu na kazi yangu. Nilisema kwamba mama huyu alinijia siku kumi na moja nikamwambia hakuna kitu, na kitu kilikuwepo, katika mashine yangu, kwa kosa langu. Kisha nikampa Papa Mumbere karatasi.

Aliisoma polepole, akaigeuza, akaitazama nyuma. "Papa, samahani," alisema. "Karatasi kila mutu anaweza andika. Huyu mwanamuke haitake kilio, tunajua. Nitajuaje haiko yeye aliomba umusaidie?"

Hakuwa mjinga. Katika miaka ile tulikuwa tumeona barua za kila namna. Ndipo sauti ikatoka kwenye mikeka. Alikuwa mama wa Papa Mumbere na Kasereka, Koko Vitina, bibi ambaye hakuwa ameinua kichwa tangu niingie.

"Ni nani anasema?" aliuliza.

Lilikuwa swali la Mzee Tibere. Nilichukua karatasi mkononi mwa Papa Mumbere, nikasoma mstari wa mtumaji peke yake. "Kasereka asiyekula samaki."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Mama Furaha alikuwa ameinua uso. Hata yeye, alinieleza baadaye, asingeweza kuwaambia kwa nini Kasereka hali samaki. Mume wake alikuwa akisema tu kwamba hapendi harufu. Ni mama yake aliyejua, kwa sababu ni yeye aliyeutoa mwiba wa samaki kooni mwake alipokuwa mtoto wa miaka mitatu kwa vidole vyake, na ni yeye peke yake aliyekuwa akimwita hivyo kwa kumtania. Papa Mumbere alikuwa amevua kofia. Koko Vitina alishika bega la mwanamke wa karibu, akasimama, akageukia nyuma ya nyumba ambako sambaza za kilio zilikuwa zinaiva.

"Mutoshe hiyo samaki ku moto," alisema. "Mutoto wangu haikulake."

Kilichofuata sitakiandika, kwa sababu nami nililia na sikuona vizuri.

Jumatatu mimi na Trésor tulianza kazi ambayo ilitakiwa kufanywa kabla. Tulitoa katika kumbukumbu za serveri ya zamani kila anwani ya mtumaji iliyopita mwaka mzima, tukaipitisha kwenye mpya, tukaona zipi zingekataliwa. Kila kituo tulikipa anwani moja safi, yenye arobazi yake. Yale majina ya watu tuliyahamishia kwenye nafasi ya jina linaloonekana, ndani ya alama za kunukuu, hapo mashine inakubali nafasi tupu na mikato na wasiokula samaki. Tulitengeneza jedwali linalofanya hivyo lenyewe barua inapoingia, na barua ya awali inabaki ilivyo, kando. Trésor ndiye aliyeandika sehemu ngumu. Baadaye aliniandikia kutoka Kinshasa kwamba kila anapopewa serveri sasa, huuliza kwanza kuhusu ule mstari usioandikwa popote. Maana, alisema, daima upo.

Zile zilizokataliwa tulizipeleka zote kwa mkono. Nyingine zilifika zimechelewa. Mtu mmoja alikuwa ameshahama, na mmoja alikuwa ameshazika. Nyumba hizo mbili sikumtuma mtu, nilikwenda mwenyewe.

Mama Furaha alirudi dirishani Jumatano, beseni kichwani. Alitaka kutuma jibu Kiwanja. Niliandika alichosema, nikaanza na yeye, mwenye maneno, kisha nikamwambia nilichokuwa nimekibeba tangu Jumamosi: kwamba sina cha kumlipa kwa siku zile.

Alishusha beseni chini. Hakutabasamu.

"Papa Zaka," alisema, "siku ingine usiniambie haiko. Sema hauyaona."

Alichukua beseni lake akaenda Kituku. Mimi nilifungua dosia ya zilizokataliwa, ingawa nilikuwa nimeifungua asubuhi, na tangu siku hiyo mpaka niliporudisha ufunguo niliwajibu hivyo wote waliokuja dirishani: sijaiona bado, ngoja niangalie.